Nani Kamwitikia Kimya?

Siku ya nne ya likizo, Kiranja aliamka kabla ya wenzake wote. Alioga, akafagia sebule ambayo haikuwa na hata chembe ya uchafu, kisha akabandua ratiba kwenye mlango wa jokofu na kuiandika upya kwa kalamu nyekundu. Ratiba ya likizo, jamani! Watu wamesafiri kutwa nzima waje pwani wajinyooshe, na mwenzao anawaandikia saa ya kuamka, saa ya chai, saa ya kuingia baharini na saa ya kutoka. Hilo jina la Kiranja alipewa mwaka wa kwanza chuoni, na kusema kweli hakuwahi kulichukia.

Walikuwa wanne katika ile nyumba ya kupanga. Alikuwepo Twiga, kijana mrefu aliyelala miguu ikining'inia nje ya kitanda. Alikuwepo Shangazi, binti wa rika lao ila mwenye mashauri ya mama wa makamo. Na alikuwepo Kimya, aliyekaa chumba kimoja na Kiranja hosteli kwa miaka mitatu mizima. Siku tatu za kwanza Kiranja alikuwa amewakimbiza wote: mapangoni, kwenye mnara wa taa, kwenye magofu, ufukwe mzima kwa miguu kwenda na kurudi.

"Wewe dada ni kiguu na njia," Shangazi alilalamika akikanda nyayo zake. "Hebu tukae japo asubuhi moja. Bahari haiendi popote."

"Boti inaondoka saa tatu," Kiranja alijibu. "Kunywa chai."

Wasichokijua ni kwamba Kiranja alikuwa anakimbia. Jioni waliyofika, wakati wanapanga nguo kabatini, Kimya alimwambia kwa ile sauti yake ndogo kama ya kuazima, "Nina jambo nataka kukuambia. Tukipata nafasi." Kiranja akasema sawa, na tangu dakika ile akahakikisha nafasi haipatikani. Kimya akifungua mdomo, yeye anakumbuka kitu dukani. Kimya akikaa karibu yake, yeye anainuka kuanua nguo. Wiki mbili kabla ya safari alikuwa ameona juu ya meza yao bahasha yenye muhuri wa chuo kingine, chuo cha mbali, na Kimya akaigeuza bahasha ile ikalala kifudifudi. Kiranja, ambaye huuliza hata bei ya kitu asichotaka kununua, hilo hakuliuliza. Alijua likishasemwa tu, rafiki yake ameondoka.

Na hapo ndipo penye kidonda, kwa sababu Kiranja aliamini kwamba bila yeye Kimya asingefika popote. Katika muhula wa kwanza, mhadhiri wa takwimu alikuwa na tabia ya kuita majina mbio mbio bila kuinua macho. Kimya aliitika "Nipo" kila siku, na kila siku sauti ikaishia kwenye safu ya pili. Wiki tatu mfululizo akaandikiwa kuwa hakuhudhuria, naye yumo humo humo ndani, kakaa safu ya nyuma na daftari lake. Alitaka kulia. Siku iliyofuata Kiranja akaminya koo, akatoa kijisauti chembamba lakini kinachofika, akaitika badala yake. Darasa likaangua kicheko, mhadhiri akaweka alama ya vema, na mambo yakaisha. Tangu siku ile ikawa ndio utaratibu. Jina la Kimya likiitwa, awepo au asiwepo, Kiranja huitika. Ikahamia mgahawani, ikahamia zahanati, ikahamia dirisha la uhasibu. Huyu anakula nini? Wali. Huyu anaumwa nini? Tumbo. Kimya alikuwa anatabasamu tu, na Kiranja aliyasoma yale matabasamu kama shukrani.

Boti ilikuwa ya nahodha mmoja mnene, mchangamfu, ambaye masikio yake yalikuwa yamechoshwa na injini kwa miaka mingi. Mkewe ndiye aliyekuwa na banda la vifaa ufukweni. Aliwapimia mapezi ya miguuni, akawagawia majaketi ya kuokolea na barakoa za kuzamia zenye mirija, kila barakoa imeandikwa namba kwa rangi nyeupe. Mbele ya kila namba aliandika jina kwenye daftari.

"Majina yenu?"

"Andika Twiga, Shangazi, Kiranja na Kimya," Kiranja akajibu kwa wote.

"Hayo nayo majina?" Mama wa banda akacheka, lakini aliandika. Chini yao akaandika familia moja ya watu sita, baba, mama na watoto wao wakubwa, ambao walikuwa wakigombania kiti tangu hawajapanda.

Safari haikuwa ndefu. Nahodha alizima injini mahali ambapo maji yalikuwa meupe kama glasi, na matumbawe yalionekana hata kabla ya kuingia. Twiga aliruka kwa kishindo, mrija ukajaa maji, akaibuka anakohoa na kutukana bahari. Shangazi alishuka ngazi kwa ngazi huku akiwaonya samaki wasimguse. Kimya aliteleza tu majini, akalala kifudifudi, mikono imetanuka, akatulia kabisa.

Kiranja hakuweza kutulia hata huko. Alitazama chini, akaona samaki wa milia wakila kwenye matumbawe, akaona pweza akibadilika rangi, vitu ambavyo mtu anaweza kuvisimulia maisha yake yote. Lakini kila baada ya pumzi tano alitoa kichwa nje kuhakikisha wenzake wako wapi. Kitu kimoja tu kilimfurahisha. Mtu mwenye mrija mdomoni hawezi kusema ana jambo. Kimya alimsogelea, akamshika mkono, akamwonyesha kitu chini ya jiwe, kaa mdogo mwenye gando moja. Walimtazama pamoja. Kwa dakika ile, nasema dakika moja tu, Kiranja alikuwa likizo.

Baadaye nahodha aliwapeleka kwenye fungu la mchanga lililokuwa limejitokeza katikati ya bahari, na ubavuni mwake mwamba mrefu kama ukuta.

"Sikilizeni wanangu," alisema. "Hapa ni pazuri sasa hivi. Maji yakijaa, huu mchanga hauonekani, na mwamba unabaki ncha tu. Nikipiga filimbi, kila mtu botini."

Watu wakatawanyika. Kimya akamshika Kiranja mkono tena, safari hii bila barakoa usoni.

"Twende kule nyuma ya mwamba tukae," alisema. "Lile jambo langu."

Kiranja akawageukia Twiga na Shangazi. "Tangulia, nakuja sasa hivi. Ngoja niwapige picha hawa."

"Unakuja kweli?"

"Nakuja, jamani! Tangulia."

Kimya akazunguka mwamba. Kiranja akawapiga picha Twiga na Shangazi. Akawapiga nyingine. Akawapanga, akawapangua, akamwambia Twiga apige magoti ili atoshe. Alijua fika kwamba mtu anamsubiri. Akaona maganda ya konokono wa baharini, akaanza kuyaokota kwa bidii ya mtu aliyeajiriwa kuyaokota.

Mvua haikupiga hodi. Upepo uligeuka, upande mmoja wa bahari ukawa mweusi, na kabla mtu hajamaliza kusema "tazameni", matone yakaanza kuwachapa. Nahodha akapiga filimbi. Watu wakakimbia, kanga mbichi, taulo na mapezi mikononi, wakajisukuma botini na kujibanza chini ya turubai ambalo nahodha alikuwa amelivuta toka mbele hadi nyuma. Injini ilikuwa inanguruma tayari. Kiranja alijikuta amebanwa na yule baba mwenye familia, mbele yake mtu kajifunika taulo la njano, na taulo la njano alilijua ni la Kimya. Hakuliinua. Alifurahi, Mungu amsamehe, alifurahi kwamba mvua imemwokoa.

"Huwa nahesabu vichwa," nahodha alipaza sauti kutoka kwenye usukani, "lakini leo vichwa vyote viko chini ya turubai. Nitaita majina! Twiga!"

"Nipo!"

"Shangazi!"

"Nipo, twende, nalowa!"

"Kiranja!"

"Nipo!"

"Kimya!"

"Nipo," Kiranja akaitika kwa kile kijisauti chembamba.

Hata hakufikiri. Ungemwuliza dakika ile kama aliitika, angeapa kwamba hakuitika, kama wewe usivyokumbuka ulianza kuvaa kiatu cha mguu gani asubuhi. Nahodha akamaliza wale sita wa familia, akageuza boti, wakaondoka.

Ufukweni mvua ilikuwa imepungua, na Mama alikuwa ameinama juu ya ndoo kubwa akipokea barakoa na kuzisuuza, akizisoma namba moja moja kwa sauti. Alipofika mwisho akanyanyuka.

"Namba nne haipo."

"Nne ya nani?"

Akalitazama daftari. "Ya Kimya."

"Ahaa, kumbe mwizi wetu ni Kimya!" Twiga akacheka. "Hawa wapole ndio wa kuwaogopa. Kimya, rudisha mali ya watu!"

Hakuna aliyerudisha chochote. Shangazi akajifunua taulo la njano na kuanza kulikamua. Kiranja akamtazama Shangazi, kisha akalitazama taulo.

"Mbona una taulo la Kimya?"

"Aliniachia botini asubuhi. Langu lilianguka majini. Kwani yeye yuko wapi?"

Wakageuka wote kuitazama boti. Boti ilikuwa tupu.

"Barakoa hainiumizi kichwa," Mama alisema taratibu. "Mtu yuko wapi?"

Nahodha alikuwa amesimama na kamba mkononi. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Nimemwita. Mimi mwenyewe nimemwita, akaitika. Nani ameitika?"

Mama akamgeukia mumewe. "Wewe na masikio yako! Mara ngapi nimekwambia uende ukayapime? Mara ngapi?"

"Nilisikia," nahodha alisema, lakini sauti ilianza kuyumba. Akajishika sikio. "Nilisikia sauti ndogo. Au ni upepo? Labda ulikuwa upepo. Mungu wangu, nimemwacha mtoto wa watu baharini."

Tuseme ukweli, mlango ulikuwa wazi. Mzee mwenyewe alikuwa anajitwika mzigo, mkewe anamsaidia kuupandisha kichwani. Twiga na Shangazi walikuwa hawajui. Chini ya turubai kila mtu alikuwa anatetemeka na ya kwake. Kiranja angenyamaza tu, basi. Alihesabu moyoni dakika walizotumia kuja, akakumbuka maneno ya nahodha kuhusu ncha ya mwamba.

"Si masikio yako, baba," alisema. "Ni mimi niliyeitika."

"Umeitika wewe kama nani?"

"Kama yeye. Huwa namwitikia. Darasani. Nimezoea."

Shangazi akaweka mkono mdomoni. Nahodha alimtazama Kiranja kwa muda ambao haukuwa mrefu lakini ulimchubua, kisha akatupa kamba ndani ya boti.

"Panda. Wewe ndiye utanionyesha mara ya mwisho alikuwa wapi."

Njia ile ile waliyokuja nayo wakicheka ikawa haina mwisho. Mawimbi yalikuwa yameinuka, boti inaruka na kubamiza, na Kiranja alisimama mbele ameng'ang'ania kamba hadi viganja vikachunika. Hakuweza kukaa. Nahodha alimwambia mara mbili akae, akakaa, akasimama tena. Akilini alimwona Kimya akizama. Alimwona mama yake Kimya, mshonaji aliyewashonea wote wawili nguo za kuanzia chuo, akipokea simu katikati ya kitambaa. Alijaribu kukumbuka lile jambo ambalo lilimtisha siku nne nzima, kuhama kwa Kimya, akashangaa lilivyokuwa dogo. Ahame. Ahamie hata mwezini. Ila awepo.

"Jaketi alikuwa nalo?" nahodha akauliza.

"Alikuwa nalo. Nilimfunga mwenyewe."

"Hata hilo?" mzee akasema, na hakuongeza neno.

Fungu la mchanga halikuwepo. Palikuwa na maji tu, ya rangi nyepesi kidogo kuliko mengine. Mwamba ulikuwa umebaki kipande cha urefu wa meza, na juu ya kile kipande alisimama mtu, maji yakimpiga magotini, barakoa kaisukuma kwenye paji la uso, pezi moja kalishika mkononi na kulipunga juu kwa utaratibu, kulia, kushoto, kama anayepunguza joto.

Kiranja alilia kwa sauti. Aliita, akaita tena, akataka kuruka, nahodha akamshika jaketi kwa nyuma na kumketisha chini kama mzigo. Boti ikasogezwa kwa ufundi. Kiranja akanyoosha mikono yote miwili. Kimya aliitazama ile mikono, akashika ukingo wa boti upande wa pili, akapanda mwenyewe.

"Pole, mwanangu," nahodha alisema. "Pole sana. Umeumia?"

"Hapana, baba. Nimepigwa na baridi tu."

Alisema hivyo kwa sauti yake ya kawaida, na nahodha, na masikio yake yale, alisikia. Njia nzima ya kurudi Kimya alikaa karibu na usukani. Kiranja alikaa mbele peke yake, na kwa mara ya kwanza siku ile hakunyanyuka.

Ufukweni Shangazi alimkumbatia Kimya akilia na kumgombeza kwa pamoja, Twiga akakimbilia chai, Mama akaleta shuka kavu. Kisha wakajua, kama watu wanavyojua, kwamba inabidi wasogee. Wakaenda kukaa upande wa boti. Wawili wale wakabaki kwenye benchi la banda, harufu ya mpira na chumvi kila mahali, barakoa kumi zimetundikwa ukutani.

"Nisamehe," Kiranja alisema. Alikuwa ameandaa maneno mengi, yakabaki hayo.

Kimya alikunywa chai. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji.

"Nilikusubiri," alisema. "Halafu mvua ikaanza, nikasikia filimbi, nikasema nizunguke mwamba. Nikateleza, pezi moja likachukuliwa na maji. Sikuwa mbali. Upepo ulikuwa unakuja upande wangu, nikamsikia anaita majina. Nikasema vizuri, ataita langu, nitaitika, atajua niko nyuma. Akaita langu."

Akapuliza chai. Kiranja alikuwa na maneno matano ya kumsaidia kuendelea. Yote aliyameza.

"Nikaitika," Kimya akasema. "Sijawahi kupaza sauti vile maisha yangu yote. Koo bado linaniuma. Na wakati nafungua mdomo, nikasikia kwamba nimeshaitika."

Kiranja akainamisha kichwa. Hakuna tusi ambalo lingemwingia kama lile.

"Sikuogopa kwanza. Nilikasirika. Nilikasirika mpaka nikacheka, peke yangu, pale juu. Nilikuwa nasema, hata leo? Hata hapa?" Akaweka kikombe chini. "Jambo lenyewe ni kwamba nimepata nafasi kule kwingine. Naanza mwezi ujao. Nimetaka kukuambia mara nne."

"Najua," Kiranja alisema. "Niliiona bahasha."

"Ulijua?"

"Nilijua. Nilikuwa nakukwepa."

Kimya aligeuka akamtazama sawasawa, na pale ndipo macho yake yalipojaa maji. Alifanya ule uso wa mtu anayekaribia kusema kitu kibaya, kisha akaufuta kwa ncha ya shuka.

"Unaondoka kwa sababu yangu?" Kiranja akauliza.

Swali lilikaa. Zamani angelijibu mwenyewe: bila shaka hapana, ni kozi, ni wazazi, ni umbali. Jibu lilikuwa tayari limejipanga ulimini, na sauti yake pia. Miguu yake ilitaka kusimama. Mikono ilitaka kupanga barakoa. Mbele yao Mama alimaliza kumwaga maji ya ndoo, akaijaza upya, akaanza kusuuza mapezi. Kiranja akakaa.

"Sehemu," Kimya akasema mwishowe. "Si yote. Sehemu kubwa."

Liliuma. Liliuma kuliko alivyokuwa ameliogopa siku zote nne, na hapakuwa na duka la kukimbilia.

"Sawa," alisema. "Unataka nikae hapa na wewe, au niende?"

Kimya aliifikiria ile nayo. Alichukua muda wake wote, akazungusha kikombe kwenye benchi, akatazama baharini ambako sasa jua lilikuwa limerudi bila haya yoyote.

"Nenda kwa wenzako," alisema. "Nitakuja mwenyewe."

Kiranja akainuka, akaanza kuelekea kwenye boti. Ilikuwa hatua thelathini hivi juu ya mchanga mbichi, na alizipiga zote bila kugeuka nyuma.